Sumaku Juu ya Kitanda

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu amehama. Si kusafiri. Kuhama. Amebeba cherehani, mto wake wa kulalia na sanduku la vitambaa, kaenda kwa dada yake mtaa wa pili. Sababu aliyotoa: paa linavuja upande wake wa kitanda, na usiku maji yameangukia gauni la mteja, rangi ikachuja, na sasa mteja hataki hata kumsikia.

Akasema atarudi paa likizibwa. Alilisema polepole, kisha akalirudia, kama mtu anayemwelekeza mgonjwa namna ya kumeza dawa.

Sikubabaika. Nafanya kazi makumbusho, ukumbi wa wanyama wanaohama, na vile vibao vya maelezo nimesimama kando yake hadi navisoma usingizini. Kiumbe akitaka kuhama hahitaji sababu. Homoni zinapanda, anakula kuliko kawaida, hatulii, anazunguka palepale. Mke wangu wiki nzima alikuwa hatulii. Jumamosi aliongeza chakula. Dalili zote zilikuwepo, mume sikuziangalia. Paa ni kisingizio tu.

Na anayehama hurudi. Hilo nalo lipo kwenye kibao. Kilichobaki ni kumharakisha.

Nimemwaga beseni, nimelirudisha mahali pake. Nimechoka.

Jumanne, 5 Machi

Sijalala. Tone likiangukia beseni tupu lina mlio wake, likiangukia maji lina mlio mwingine. Nimeshaijua yote miwili. Nikaweka taulo ndani ya beseni. Kelele zimekwisha, taulo limeanza kunuka.

Asubuhi mlangoni nikakutana na jirani, huyu ninayemwita Fundi Bati. Anaziba mapaa ya mtaa mzima na hachoki, jambo ambalo linanichosha mimi. Mke wangu alikuwa akimsifu hadi chakula kinapoa. Akaniuliza kama ni kweli mama kahama. Akasema lami anayo, ngazi anayo, jioni hii hii angepanda akamaliza. Kisha akanitolea ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikamwambia hapa hakuna ukuta uliotajwa, na haraka haraka haina baraka. Nikaondoka na heshima zangu zote, soksi moja ikiwa imelowa.

Siwezi kumpa ushindi huo. Akiziba yeye, mke wangu atakuwa amerudi kwa ajili ya lami ya jirani. Mimi nataka arudi kwa mumewe.

Jumatano, 6 Machi

Kuna samaki wa mito ya nchi za baridi. Anazaliwa mtoni, anakwenda baharini, anakaa huko miaka, kisha anaurudia mto uleule kwa kuunusa. Nimewaeleza wageni habari hii siku zote bila kuifikiria. Leo nimeifikiria, nikiwa nimeegemea kasa mkavu wa maonyesho. Mkuu wa Ukumbi akaja kunikumbusha kwamba kasa haegemewi.

Basi dawa ni harufu ya nyumbani. Nimetoka kazini, nimetandua blanketi letu kitandani bila kulifua, nikalifunga ndani ya mfuko wa nailoni harufu isitoroke, nikalipeleka kwa shemeji, huyo dada mtu. Nikamwambia nimefikiria baridi ya usiku. Shemeji alilipokea kwa vidole viwili.

Usiku huu najifunika koti.

Ijumaa, 8 Machi

Blanketi limerudi. Limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa vizuri kuliko lilivyowahi kukunjwa tangu linunuliwe. Shemeji kalileta mwenyewe hadi makumbusho, mbele ya wageni. Akasema mdogo wake kalinusa mara moja tu, akasema hiyo ni kuvu, akapiga chafya mpaka machozi. Akaniuliza fundi nimemwita au bado. Nikamuuliza, baada ya chafya, alikuwa ameelekea upande gani, upande wa kwetu au upande mwingine? Shemeji akaniambia nipumzike, nimekonda.

Lakini machozi. Machozi ni dalili.

Nyumbani kimya. Kitanda ni kikubwa mno. Miguu ya mke wangu ni ya baridi mwaka mzima, na kila usiku huibandika kwenye mashavu ya miguu yangu bila kuomba ruhusa. Nimelalamikia jambo hilo tangu tuoane. Sasa miguu yangu ina joto na mimi sina raha. Namkumbuka, hilo nisijidanganye.

Jumamosi, 9 Machi

Mwanga. Nilikosea kuanza na pua wakati kibao cha ndege ndicho cha kwanza ukiingia. Ndege hana kalenda. Mchana ukirefuka, mwili wake wenyewe unajua msimu umefika, homoni zinaanza kazi, safari inaiva. Kumbe ninachohitaji ni kumrefushia mke wangu mchana.

Nimenunua balbu kubwa, ile ya kuangazia uwanja, nikaenda nayo kwa shemeji. Nikasema nyuma ya nyumba kuna giza, wezi wamezidi. Shemeji akalainika. Akasema kumbe nina utu. Nikaifunga mwenyewe, ikitazama dirisha la chumba anacholala mke wangu.

Akatoka! Akanishikia kigoda nisianguke. Alinukia vitambaa vipya. Nilitaka kusema neno la maana, nikasema balbu hii haili umeme. Naye akasema mtu anayeweza kupanda kigoda kwa shemeji yake anaweza pia kupanda ngazi nyumbani kwake. Njia nzima nimeichambua sentensi hiyo. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo kuliko kawaida. Homoni zimeanza.

Jumanne, 12 Machi

Matokeo ya balbu. Jogoo wa shemeji amechanganyikiwa, anawika saa yoyote inayompendeza. Majirani wa shemeji wamefika kwa ujumbe. Shemeji kaniletea balbu, imefungwa kwenye gazeti, bila maneno mengi.

Mke wangu, kwa upande wake, amefurahi. Kwa mwanga ule aliweza kushona mpaka achoke mwenyewe, kamaliza kazi zilizochelewa, yule mteja wa gauni kashonewa lingine na amerudisha moyo. Dada yake amemwambia akae anavyotaka. Yaani nimemjengea kiota kwa mikono yangu mwenyewe.

Mvua imenyesha tangu mchana. Sasa kuna beseni na sufuria. Fundi Bati kapita na ngazi begani akielekea kwa mtu mwingine. Kanisalimia kwa upole sana. Upole ule ulikuwa wa makusudi.

Alhamisi, 14 Machi

Kasa. Yule yule ninayemwegemea.

Kasa jike huzunguka bahari miaka na miaka, kisha huenda kutaga karibu na ufuko aliozaliwa. Anaongozwa na sumaku ya dunia. Kila pwani ina mvuto wake, na yeye ameuhifadhi kichwani tangu utoto. Bibi mmoja mgeni akaniuliza leo kama inawezekana kasa anarudi kwa sababu tu pale pana mchanga mkavu wa kutagia. Nikamwambia sayansi si rahisi kiasi hicho, mama.

Nyumba yangu haina mvuto. Hilo tu. Nimefungua spika ya redio iliyokufa, nikatoa sumaku yake, kubwa kama kisahani. Inatakiwa ikae juu ya paa, sawasawa juu ya mto wa mke wangu. Na ishike imara, upepo usiihamishe, la sivyo mke wangu atarudi kwa jirani.

Ili ishike, nahitaji lami. Mwenye lami ni mmoja.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Bati kama mkosaji. Nikaomba lami kidogo na ngazi. Alifurahi hata akasahau kunicheka. Akasema heri kuchelewa. Akanielekeza nipake kwa upana kuzunguka tundu, nisibanie. Nikaitikia. Kumwambia habari za kasa kungemchanganya.

Sumaku niliitia mfukoni. Kosa. Ngazi yake ni ya chuma. Kila nikipanda kidato, suruali inanasa, navutana nayo, inaachia, napanda kingine, inanasa tena. Fundi Bati alikuwa chini ameshika ngazi akinipa moyo, akidhani naogopa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka cha juu avae suruali yenye mkanda imara.

Juu nilihofia sitapajua palipo mto wa mke wangu. Bahati nzuri tundu lipo palepale, hivyo sikupotea. Nikaibandika sumaku juu ya tundu, ikafunika kabisa, nikamimina lami yote juu yake na pembeni. Magoti yananiuma, mikono myeusi, lakini nyumba sasa ina mvuto.

Jumatatu, 18 Machi

Amerudi.

Jana ilinyesha kutwa, sikuliangalia hata beseni, niliangalia mlango. Leo nimetoka kazini nikakuta cherehani iko dirishani. Yeye alikuwa chumbani, kichwa juu, anatazama dari. Akagusa godoro. Akagusa mto. Akasema Fundi Bati amemwambia nimepanda mwenyewe, na kwamba niliogopa lakini nikapanda. Akasema kwa nini sikufanya hivi mapema, angekuwa hakuondoka. Nikamwambia kasa huchukua miaka. Akacheka mpaka akaketi. Sijui alichokielewa.

Amepika. Tumekula. Nilitaka kulia kidogo, nikajifanya ni kitunguu. Sasa amelala, miguu yake imebandikwa kwenye mashavu ya miguu yangu, ya baridi kama jiwe la kisimani. Raha tupu. Redio ile ilikufa, lakini spika yake ilikuwa na heri ndani yake.

Fundi Bati anajiona yeye ndiye kafanya. Nimemwacha. Wakubwa wa sayansi hawakuwahi kueleweka na majirani zao.

Jumamosi, 23 Machi

Shemeji amekuja. Alikuja Jumatano kutujulia hali, akasema atalala usiku mmoja. Bado yupo. Amesema kwake panapakwa rangi, na hapa kwetu panalalika, ni pakavu. Analala na mke wangu. Mimi nipo sebuleni kwenye kiti kirefu ambacho kwa kweli si kirefu.

Nimewaza. Amezaliwa tumbo moja na mke wangu, wamekulia ufuko mmoja. Sumaku haichagui. Nilibandika ya ukubwa wa kisahani wakati mke ninaye mmoja. Tukiendelea hivi nitaamka nimkute na mama mkwe, na wale shangazi zake.

Tena kazi imekwisha. Kasa akishafika hahitaji kuitwa tena. Iondolewe.

Jumapili, 24 Machi

Wamekwenda wote wawili kumtembelea mgonjwa. Fundi Bati hayupo, ngazi yake ilikuwa ukutani. Nimepanda. Sumaku ilikuwa imeshika kweli, nikaichokonoa kwa bisibisi, ikatoka na donge zima la lami na kipande cha bati kilichooza. Tundu sasa ni kubwa kuliko lilivyokuwa, lakini mvuto umekwisha, na hilo ndilo lililonipandisha. Nimeshuka bila kunasa popote.

Anga limefunga. Shingo inaniuma kwa ajili ya kile kiti.

Jumatatu, 25 Machi

Imefanya kazi. Shemeji ameondoka asubuhi na mapema, kabla hata ya chai, nywele zimelowa. Sijawahi kuona jambo la kitaalamu likijibu upesi namna hii.

Ila kuna athari za pembeni. Mke wangu hatulii tangu usiku. Anazunguka chumba, anakunja vitambaa na kuvirudisha kwenye sanduku, amekula kiporo amesimama. Nimempa pole. Nikamweleza kwa upole kwamba hii hali huja na kwenda, ni msimu, asijilaumu. Akanitazama. Akalitazama beseni. Akasema polepole, kisha akalirudia, lile neno la paa. Kisingizio kilekile.

Fundi Bati amepita kuuliza kama nahitaji lami nyingine na ngazi. Nimemjibu za nini.

Sasa hivi mke wangu amebeba cherehani, yuko mlangoni anasubiri nimfungulie, na mimi namalizia mstari huu. Uso wake umechoka, na wangu pia. Nimemwambia asihofu, nimeshajua kosa lilipokuwa. Kesho natafuta sumaku ndogo, ya mtu mmoja. Na safari hii naiweka chini ya kitanda. Kupanda juu kunachosha, na ile lami ilikuwa uchafu wa bure.