Mke Mwenzangu Yumo Ndani ya Gemu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Shajara yangu, hujambo? Habari za kabatini? Mimi mzima, namshukuru Mungu, isipokuwa moyo. Mwanangu na mkewe wamesafiri kikazi, wameniachia mjukuu mpaka Jumamosi. Miaka sita, mapengo mawili, mume wangu kabisa! Nimempikia vyote avipendavyo. Akaketi, akatoa gemu yake ndogo ya kushika mikononi, akaiegemeza kwenye birika. Nikadhani anataka mbio za magari. Thubutu! Akatokea kiooni mama mzazi wa mkwe wangu, mke mwenzangu huyo, na vijiko viwili vya mbao vilivyochorwa macho. Anavigombanisha kwa sauti za kitoto. Mtu mzima! Mume wangu akacheka, akala, akamaliza sahani. Nikamuuliza kama chakula kitamu. Akaninyamazisha kwa kidole, ati bibi anaongea. Na mimi niliyepika ni nani? Mpangaji?

Jumanne, tarehe 5

Nimemwomba Mungu aniondolee wivu. Huku nasubiri jibu, nimejirekodi kwa simu. Gauni la kwaya, sauti kavu, Amri Kumi mwanzo hadi mwisho. Nikachomoa memori kadi ya gemu, nikaitia kwenye simu, nikahamisha video yangu, nikairudisha. Gemu ikaandika kwamba faili haitambuliki. Mimi sitambuliki! Ndani ya nyumba yangu, inakula umeme wangu! Nikaizaba kofi dogo. Mume wangu akanieleza kwa upole kwamba bibi yule huwa haipigi.

Jumatano, tarehe 6

Kwa fundi simu, kibanda kilichoegemea duka la dawa. Ameeleza kwamba gemu hizi za zamani hazili kila chakula. Video lazima ipitie kwenye kompyuta, ibadilishwe aina, ipunguzwe hadi ilingane na kioo. Nikauliza mke mwenzangu alijulia wapi hayo. Akasema labda alijifunza tu. Jibu la hovyo!

Kisha kadi imejaa. Ama aibane video yangu mpaka uso uwe vigae, ama tufute kitu. Nikamwonyesha vijiko. Akasita, akauliza yule mama ni nani. Nikasema ni bibi mwingine wa mtoto, ametutoka. Sikusema uongo! Alitutoka Jumapili, kwa basi, baada ya kumleta mtoto kwangu. Fundi akavua kofia, akanipa pole, akasema basi hiyo ndiyo ya kutunzwa. Nikamjibu kwamba inaniumiza sana kuitazama. Kweli tupu. Akafuta.

Alhamisi, tarehe 7

Amri ya kwanza, mume wangu alikodoa macho. Ya pili, akauliza nimemkasirikia nani. Ya tatu, akaanza kutafuta vijiko. Havipo. Mdomo ukafungwa. Asubuhi hakula. Mchana hakula. Nikauchora macho mwiko wangu kwa wanja, nikaufanya useme. Akasema huo ni mwiko tu.

Jioni nikamkuta amejikunja kwenye kochi, mbavu zinahesabika. Wivu ukanywea, hofu ikaingia. Mtoto wa watu! Nikajikaza, nikampigia mke mwenzangu, nikamwambia video imepotea. Sikusema imepotelea wapi. Nilitaka aitume tu. Akasema ataileta mwenyewe kesho. Nani kamwalika?

Ijumaa, tarehe 8

Amefika na mabegi mawili. Mabegi mawili kwa video moja! Tena kapitia kwa fundi video iandaliwe upya kwa ajili ya gemu, maana mkwe alimwelekeza huko kwa simu. Fundi alipomwona mlangoni, kikombe cha chai kikamponyoka. Akamweleza yote.

Nilijiandaa kutukanwa. Akaketi jikoni kwangu, akanitazama weee, kisha akacheka mpaka akajifuta kwa kanga. "Mke mwenzangu," akasema, "umenizika hata kunililia hukunililia?"

Nikaomba radhi, mikono kifuani. Ndipo akaniambia la moyoni. Mtoto alipokaa kwake, alikuwa anasukuma sahani, anasema si kama chakula cha bibi. Bibi mimi! Alikosa usingizi kwa wivu, ndipo akabuni vijiko. Tulilia wote wawili. Tukarekodi video mpya pamoja, yeye kushoto na vijiko vyake, mimi kulia na mwiko wangu, polisi wa kuamua ugomvi. Mume wangu akaitazama kwenye simu, akala sahani mbili. Namshukuru Mungu, wivu umetoka, nimekuwa mwepesi kama pamba.

Jumamosi, tarehe 9

Wazazi wanakuja mchana kumchukua mtoto, na mke mwenzangu anaondoka nao. Asubuhi nimepeleka video yetu kwa fundi. Amesema picha ya simu ni pana, kioo cha gemu ni chembamba. Ama tuonekane wadogo kama sisimizi, au akate upande mmoja.

Niliomba kwanza. Kisha nikamwambia akate kushoto.

Sauti yake nimemwachia, mimi si mtu wa roho mbaya. Vijiko vitasikika bila kuonekana, kama malaika. Gari limeshapiga honi nje, kadi ninayo mkononi. Shajara yangu, kama nimekosea niambie. Nijibu upesi.