Mgeni Rasmi Bila Mstari wa Mbele

Mali ya kwanza aliyoiba Respicius katika biashara ile ilikuwa maneno. Aliyaokota kwa wageni wawili waliokuwa wakisubiri gari lao mlangoni pa hoteli moja ya Alexandria, kule Virginia, Marekani, ambako yeye, ndani ya koti jekundu lenye vifungo vya dhahabu bandia, aliegesha magari ya watu waliofanikiwa. Wageni wale walikuwa wakibishana juu ya mpira wa Wamarekani, ule wa kuvaa helmeti na kuangushana. Ukicheza fantasi ya siku, alisema mmoja wao, pale kwenye simu unapojipangia kikosi na kuweka pesa, usichague difensi, yaani kikosi cha kuzuia, kwa jina la timu. Tazama mstari wa mbele. Huku kuna majibaba matano ya kumlinda mrusha mpira, kule kuna majibaba mengine yanayotaka kumkalia kifuani. Ukiona walinzi ni dhaifu, chukua difensi ya wanaowakabili, maana kila mrusha mpira anapolambishwa nyasi, wewe unapata pointi.

Respicius aliwafungulia mlango, akapokea bakshishi, kisha akasimama pale kama mtu aliyetokewa na malaika. Hakuona mpira hata kidogo. Aliona Waafrika Mashariki wote wa Virginia, Maryland na Washington, waliochoka kuogesha wazee wa watu, wakitafuta njia ya mkato.

Tumtendee haki: elimu ile ya mistari ni elimu halali, na mtu mwenye subira angeweza kuisoma. Lakini Respicius hakuwa na muda wa mambo ya kizembe kama kusoma. Alikuwa na digrii, aliyoitaja kabla ya salamu, na alitoka Bukoba, ambako kwa maelezo yake watoto huzaliwa wakiwa tayari wamehitimu.

Kwa hiyo alibuni mbinu yake. Jumapili ya kwanza aliwatumia nusu ya wateja aliojikusanyia ujumbe wa sauti: mstari wa timu fulani umeoza, chukueni difensi ya wapinzani wake. Nusu ya pili aliwaambia kinyume chake, kwa sauti ileile ya kiaskofu. Walioliwa pesa zao aliwapa pole, akawaombea, akafuta namba zao. Waliokula, yaani walioshinda, aliwagawa tena Jumapili iliyofuata, na wote, waliokula na walioliwa, walikuwa wameshalipa ada ya ushauri. Majani yalipokwisha kupukutika, lilibaki kundi moja tu ambalo halijawahi kumwona nabii akikosea: chama cha akiba cha akina mama wa Kikenya wa mji wa Manassas. Kufikia hapo koti jekundu alikuwa amelirudisha, na barabarani alionekana na Lexus nyeusi aliyoinunua taslimu.

Je, hakuogopa kwamba wateja wangelinganisha ujumbe? Hata. Wakenya wa Manassas wana kanisa lao na nyama yao ya kuchoma. Watanzania wa Alexandria wana jumuiya yao na ugomvi wao wa uchaguzi. Wakongo wa Columbia Heights wana kwaya. Watu hawa, aliamini Respicius, hawakutani popote.

Mwenyekiti wa chama kile alikuwa Chepkirui, muuguzi mwenye sauti ya kubembeleza na mikono isiyotetemeka. Wenzake walikuwa wamejinyima miaka mingi ili wanunue nyumba pale Manassas, wafungue makao yao wenyewe ya kulelea wazee, waache kutumwa na kutukanwa na mabosi. Walikuwa wamebakiza kidogo tu kufikisha malipo ya awali.

"Mama, pesa hiyo imelala," Respicius alimwambia kwenye simu. "Niachieni Jumapili moja tu. Kuna mstari mmoja wiki hii, hata bibi yangu angeuvunja."

"Na si hiyo ni risk, Respi?"

"Nimewahi kukosea?"

"Kwetu hujawahi," alisema Chepkirui. "Lakini hatuwezi kukupatia kitu gizani, hii ni chama, kuna committee. Kuja Saturday kwa harambee yetu. Utakuwa guest of honour, tukukabidhi kitu yako mbele ya members wote."

Mgeni rasmi! Neno hilo lilimwingia Respicius hadi kwenye mifupa. Alikokulia, mgeni rasmi alichelewa, akakalia kiti kilichotandikwa kitambaa, akasoma hotuba, akapewa zawadi, akatangulizwa kwenye chakula. Mgeni rasmi wa harambee ya Kikenya hufanya nini, hakujua, na mtu aliyezaliwa amehitimu haulizi. Alinunua suti.

Jumamosi ukumbi wa kanisa ulifurika. Kiti chake kilikuwa na kitambaa kweli, na mezani mbele yake palikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa kitenge. Respicius, aliyeamini pesa za chama zimo humo, alikikodolea macho muda wote wa sala ya kufungua, na kwa kuwa macho yake yalikuwa chini, watu walimwona mcha Mungu.

"Mheshimiwa," aliuliza Wamaitha, mshereheshaji, mama mnene mwenye maikrofoni, "umekuja na marafiki?"

"Marafiki gani?"

"Wale wa kukusaidia. Guest of honour hukuja na watu wake."

"Mimi natembea peke yangu," alijibu Respicius kwa fahari.

Chepkirui alitikisa kichwa kuafiki, taratibu, kama muuguzi aliyeupata mshipa.

Hotuba ilikuwa tamu. Respicius aliwafundisha kutazama mstari wa mbele na si nyota ya uwanja, akataja digrii mara kadhaa, akapigiwa makofi. Alipokuwa ananyoosha mkono kuelekea kikapu, Wamaitha alimrudishia maikrofoni mdomoni.

"Sasa mheshimiwa atatufungulia!"

"Nifungue nini?"

"Mkono! Wewe kwanza, sisi tufuate."

Respicius alielewa kwamba ni yeye wa kuanza kuchanga. Alitaja kiasi cha kawaida. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

"Hiyo ni ya soda, mheshimiwa?" aliuliza Wamaitha kwa upole wa kutisha. "Na digrii yote hiyo?"

Mtu wa Bukoba anaweza kuvumilia njaa, baridi na polisi wa barabarani, lakini si hilo. Isitoshe, kikapu kilikuwa pale pale. Alipiga hesabu ya kijanja: anayeweka ndiye atakayebeba vyote. Akatoa simu, akatuma. Mumbi, mweka hazina, aliyesimama kulia kwake, akaangalia simu yake na kupaza sauti, "Imeingia!" Vigelegele. Akatuma tena. "Imeingia!" Sasa Wamaitha alikuwa mbele yake, Mumbi kulia, Chepkirui kushoto, na nyuma ya kiti alisimama mama mwenye sahani ya pilau ambaye Respicius hakujisumbua kumtazama. Aliangalia huku na huku akitafuta uso mmoja wa kumwombea udhuru. Haukuwapo. Akaendelea kutuma mpaka akaunti ikabaki haina la kusema.

Ulifuata mnada, kama ilivyo desturi. Iliuzwa keki, ikauzwa jogoo.

"Na ile Lexus nyeusi hapo nje?" aliuliza Wamaitha.

Respicius alicheka. Akacheka peke yake.

"Usituaibishe, Respi," alinong'ona Chepkirui. "Watu wanangoja tu umalize ndio tukukabidhi."

Alitoa ufunguo. Hati ya gari ilikuwamo garini, ambamo watu wote wenye busara hawaweki hati, ikaletwa. Alitarajia ukumbi upandishe bei mpaka gari limrudie kwa heshima. Ukumbi haukupandisha. Ni yule mama wa pilau tu aliyetaja bei, ndogo ya kuchekesha.

"Mara ya kwanza, ya pili, limeenda!" alisema Wamaitha bila kuvuta pumzi. Respicius alitia saini huku akitazama kikapu.

Ndipo Chepkirui alipokiinua. "Mzee Kamande, wakala wetu wa nyumba, kuja hapa mbele. Malipo ya awali yametimia!"

Wanawake wale walilia. Walikumbatiana, wengine wakapiga magoti, kwa sababu hawakutegemea kuiona siku hiyo. Katikati ya kilio, Respicius alisimama. "Lakini mlisema mtanikabidhi..."

"Eeh, tusisahau!" alisema Chepkirui, akamvika shuka jekundu la Kimaasai mabegani. "Hii ndiyo kitu yako. Makofi kwa mheshimiwa!"

Nje, Respicius aligundua kwamba treni ya Manassas haitembei wikendi. Lexus ilisogea, kioo kikashuka. Kwenye usukani alikuwa mama wa pilau.

"Kaka Respicius, unaelekea Alexandria? Panda nyuma, mbele nimeweka sufuria."

Alipanda. Angefanyaje?

"Hunikumbuki," alisema mama yule wakiwa barabara kuu. "Flaviana. Wiki ya pili nililiwa, ukaniombea vizuri sana, hata nikatokwa na machozi. Mimi na Chepkirui tunamlea mzee mmoja, yeye mchana, mimi jioni. Siku moja tukipokezana zamu, tukaambiana difensi zetu, tukakuta ulitupa kila mtu kinyume cha mwenzake."

Respicius alijikunyata ndani ya shuka. "Na bei uliyonunulia gari?"

"Ndiyo ile ile niliyopoteza. Sikutaka kukudhulumu." Aliwasha taa ya kugeukia. "Halafu jamani, ile elimu yako ni ya kweli. Tulikutazama tu tukauliza, huyu nani amesimama mbele yake? Tukakuta hana mtu."

Taa za hoteli yake ya zamani zilipoonekana, Respicius aligonga kiti cha mbele.

"Nishushe hapa," alisema kwa sauti ndogo. "Nadhani koti langu bado wanalo."

Flaviana alisimamisha gari mlangoni kabisa, pale wanaposimama watu waliofanikiwa. Akasubiri Respicius ashuke na kufunga mlango kwa uangalifu, kwa mikono miwili, kama kazi yake ya zamani ilivyomfunza. Kisha akatoa mkono dirishani, akampa bakshishi.

Akaipokea.