Mayai ya Chura Ukutani

Kindu, Jumatatu, 6 Novemba 2023

Fortunée wangu,

Habari mbaya. Prof Florentin, anayefundisha biolojia sasa badala yako, atapaka chokaa ukuta wa darasa Jumamosi. Chura wako atafutika! Yule uliyemchora kwa makaa wakati wa vita, askari walipochoma vitabu kupikia. Nilikwenda kulalamika. Akasema mchoro una kosa: hajaona chura mwenye mayai mengi hivyo, mpaka yafunike ini. Kosa! Wewe! Nikaahidi kumletea jike apasue. Akikuta mayai tele, ukuta hautaguswa. Tukapeana mkono. Nina mpango.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua jioni. Safi kabisa! Mtaro wa reli umejaa kelele. Mpango ni mwepesi: kufuata kelele. Chura anayepiga kelele hivyo lazima ana mzigo tumboni. Nilimkamata mmoja, koo limevimba kama puto. Niliteleza, nikakaa majini na suruali niliyovaa kwenye mazishi yako. Nisamehe.

Jumatano, 8 Novemba

Prof alimpasua. Moyo wa vyumba vitatu, kama ulivyochora. Mapafu, ini. Mayai hakuna. Dume. Akaniuliza kwa upole kama nina mwingine. Nikajibu huyu alikuwa wa majaribio.

Alhamisi, 9 Novemba

Nilipeleka ndoo nzima. Mmoja aliruka kwenye chai ya mkuu wa shule. Prof hakupasua hata mmoja. Alitazama vidole gumba vilivyovimba, akasema wote madume.

Jirani yetu Mama Bitota alicheka mpaka akashika ukuta. “Papa Banza, mwenye kulia njo mwanaume! Anaita bibi. Mwanamuke ananyamaza, anasikiliza tu.”

Sikuamini. Katika nyumba hii nani alikuwa akiongea? Wewe, tangu uji wa asubuhi mpaka taa izimwe. Mimi nilisikiliza tu. Sasa nasikia bati likipanuka kwa jua.

Nimekula sombe, majani yale ya muhogo, peke yangu. Nikakumbuka mwaka ule chumvi ilipokosekana Kindu. Ulisema chura hufumba macho akimeza, maana macho yake yanashuka kusukuma chakula. Ukaniambia nimeze kama chura. Tukafumba macho wote wawili, tukacheka. Leo chumvi ipo. Nimefumba hivyo hivyo.

Ijumaa, 10 Novemba

Mtaroni tena. Karibu na mguu wangu alikaa chura mkubwa, tumbo pana, kimya kabisa. Alinizibia njia. Nilimsogeza taratibu kwa kiatu, nikamwendea mwimbaji. Nimempata! Ana sauti ya treni. Kesho tunashinda.

Jumamosi, 11 Novemba

Dume.

Prof alikuwa ameningoja mpaka adhuhuri, chokaa ikikauka ndooni. Aliniomba radhi. Nikaweka kiganja juu ya tumbo la chura wako, pale penye mayai. Makaa yakabaki mkononi. Kisha nikasogea, akapaka.

Sijanawa bado.

Lakini nina mpango mpya. Nitamchora upya, kwenye ukuta wa chumba chetu, na mayai yake yote. Nahitaji jike la kutazama. Mvua imeanza, na mtaroni kuna mmoja anapiga kelele kuwashinda wote. Huyo ndiye mama, hakuna shaka! Mama Bitota anajua nini? Naenda na ndoo.

Fortunée, huko uliko, unikumbuke.

Banza wako