Wanaume Waliokataa Kufunika Uso

(Hotuba ya Ndugu Melkizedeki Mazengo, Mratibu wa Mpango Shirikishi wa Mavazi Kinga kwa Warina Asali, aliyoitoa kwenye mkutano wa hadhara katika kijiji kimoja jirani na Rungwa, msimu wa kurina ukiwa ndiyo unaanza. Imeandikwa kama ilivyotoka kinywani mwake, pamoja na yaliyotoka vinywani mwa wengine.)

Mheshimiwa mgeni wetu Bi Jesca, uliyetumwa na wafadhili uje kuuona mpango wetu kwa macho yako, jambo ambalo halikuwa la lazima lakini tumelipokea kwa moyo mmoja. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, ambaye naona umekalia kiti chenye jina langu, kaa tu. Waheshimiwa wachungaji na masheikh. Wazee maarufu, nikianza na mimi mwenyewe. Akina mama mlioacha sufuria jikoni. Akina baba mlioacha kilabu kikiwa kimechangamka. Na ninyi wengine wote mliosimama juani kwa sababu turubai limetosha meza kuu peke yake: nawasalimu kwa jina la mpango. Nikisema "Mavazi kinga," mnaitikia "Kwa maendeleo endelevu." Mavazi kinga! (Sauti chache: "Maendeleo." Mtu anakohoa.) Asanteni. Hamasa ni kubwa.

Kabla sijaingia kwenye mada naomba nieleze mada ni nini, maana nilisimama mbele ya darasa kwa miaka mingi kabla sijateuliwa, na ninajua kwamba mtu aliyeelezwa mara moja bado hajaelezwa. Ninyi wanaume wa hapa mnaingia porini kurina asali. Kwenye asali kuna nyuki. Nyuki, kwa mujibu wa utafiti wetu, wanauma. (Sauti: "Kumbe!") Ndiyo, kumbe, na wanapenda zaidi uso, hasa macho na midomo, na ndiyo maana wafadhili walikubali kwamba kila mrina asali apatiwe ovaroli, glavu, buti, na kofia yenye wavu wa kufunika uso. Huo ndio mpango. Na leo Bi Jesca amekuja kuamua jambo moja tu, ama mpango uendelee ama ufungwe, na ripoti yangu, niliyoiandika kwa uchungu mkubwa nikiwa hotelini Manyoni, inapendekeza ufungwe kwa mafanikio, kwa sababu moja ambayo haiko ndani ya uwezo wa ofisi yangu: wanaume wa kijiji hiki wamekataa kuvaa. (Minong'ono.) Msinong'one. Mwishoni mtanyoosha mikono kuthibitisha kwamba mmekataa, halafu tutapata soda.

Namwona pale mbele Mzee Kefa, ambaye jicho lake la kushoto halijaona tangu nyuki wamshukie msimu uliopita. Pole sana, Mzee Kefa. (Mzee Kefa: "Nimeshapoa, mratibu. Nimekuja kuulizia nguo.") Utauliza wakati wa maswali. Wakati wa maswali haumo kwenye ratiba, lakini wewe ni mzee, utauliza.

Ndugu zangu, suala la mwanaume na nguo ni suala mtambuka, na mimi nimelifanyia kazi katika mkoa huu wa Singida kuanzia Iramba mpaka huku kwenu. Mwanaume wetu ana mipaka yake, na mipaka hiyo ameichora mwenyewe bila kumshirikisha stekiholda yeyote. Akishaoa, kaptula basi. Jua linaweza kuwaka mpaka mbuzi wanatafuta kivuli cha mbuzi mwenzao, yeye yumo ndani ya suruali ya kitambaa, tena ndefu, tena ina mkunjo wa pasi. Mvua ikinyesha hashiki mwavuli. Mwavuli anasema ni wa mke wake na wa askofu. Mke akishona sare ya kitenge kwa ajili ya harusi ya ndugu yake, mume anapewa shati la kitambaa hichohicho, naye analitazama, analikunja, na siku ya harusi anaugua tumbo. Yupo ndugu mmoja humu, simtaji, mwenye kofia ya kijani, (watu wanageuka, mwenye kofia ya kijani anaivua) ambaye binti yake alimletea kutoka Dodoma shati la rangi ya waridi, shati zuri, la dukani, naye akalivaa mwaka mzima ndani ya sweta. Sweta! Hapa! (Vicheko. Mwenye kofia: "Hilo shati lilikuwa linanibana tu!") Lilikubana rohoni, ndugu yangu, lilikubana rohoni.

Labda mtaniuliza, na wewe mratibu je? Mimi, kama mnavyoniona, nimevaa kaunda suti, na sijawahi kutoka nyumbani kwangu na vazi lisilo na mifuko minne, hata kwenda kuchunga ng'ombe wa shemeji. Lakini wangu ni msimamo, wenu ni ukaidi. Tofauti yake nitaieleza kwenye semina elekezi.

Sasa wanaume wengine wa mkoa huu wanakataa kuvaa na inaishia hapo. Ninyi mmevuka kiwango cha kitaifa. Ninyi mnavua! Naomba nimweleze mgeni. Bi Jesca, mwanaume wa hapa akifika chini ya mti wenye mzinga, kabla hajapanda na moshi wake, anavua shati na kulitundika kichakani. Anavua! Anasema nyuki akinaswa kwenye kola ataanza kuuma na kuwaita wenzake, kwa hiyo kama huna nguo ya kuwazuia kabisa, heri ngozi, maana kwenye ngozi unamwona na unampangusa. Nimepiga picha za migongo yao, ziko kwenye ripoti, ukurasa mzima wa migongo. Huo ndio ushahidi wa kimazingira kwamba watu hawa na nguo hawapatani. (Mzee Kefa: "Tunavua kwa kuwa hatuna za kuvaa, baba.") Hiyo ni tafsiri yako, mzee, na ofisi inaiheshimu.

Tuje kwenye takwimu. Katika utafiti wetu wa awali, ule wa besilaini, tuliwahoji wanaume wa kijiji hiki kuhusu utayari wao wa kupokea vazi. Mahojiano yalifanyika kilabuni, kwa kuwa huko ndiko stekiholda wengi hupatikana kwa pamoja na wakiwa huru kifikra. Tuliwaonyesha ile picha iliyoko kwenye bango nyuma yangu, ya mtu aliyevaa vazi kamili, tukauliza: wewe kama mwanaume, ungekivaa kitu hiki usoni mbele ya shemeji zako? Asilimia tisini na tisa nukta saba walikataa. Kati yao asilimia arobaini walicheka kwanza ndipo wakakataa, na asilimia kumi walikataa na kisha wakaomba picha wakawaonyeshe wengine. Iliyobaki ni nukta tu, nayo ilikuwa imelala. (Mama mmoja anasimama. Ni Dorkas, mke wa Mzee Kefa: "Mbona hamkuwauliza kama wangekivaa wakiwa porini, nyuki wakiwa usoni?") Mama, swali likirefuka linaharibu metodolojia.

Hebu itazameni picha wote. (Watu wanalitazama bango. Mtu amesimama ndani ya koti la njano la mvua, na kutoka kwenye kofia yake wavu mweupe umemshukia mpaka kifuani, ukingo wake una shanga ndogondogo zinazometa. Kicheko kinaanzia nyuma na kuja mbele. "Bwana harusi kamkimbia!" "Jamani, bibi harusi wa nyuki!" "Mwulizeni mahari yake ni mizinga mingapi!") Unaona, Bi Jesca? Hiyo ndiyo fidibeki. Imetoka kwao, mimi sikuwafundisha. Na ili usiseme tunafanya kazi kwa picha tupu, tumekuja na sampo. Dereva, funua. (Dereva anaondoa kitambaa juu ya meza kuu. Pana kofia ya ukili, na juu yake wavu mweupe wenye shanga.) Hilo ndilo vazi ambalo wanaume wa kijiji hiki wamelikataa. (Kicheko kikubwa zaidi. Bi Jesca anausogelea wavu, anazishika shanga.) Shanga ni za kuvutia soko la vijana.

(Dorkas bado amesimama: "Baba mratibu, shikamoo.") Marahaba, mama. ("Mimi nina ombi dogo. Kama hawa wamezikataa, zileteni kwetu. Sisi tutavaa, twende tukarine wenyewe. Mahari ya nyuki tutapanga huko huko." Vigelegele. Wanaume wanacheka, kisha wanaacha kucheka.) Ni wazo zuri, mama, tutalichakata. Changamoto ni kwamba saizi zilizopangwa ni za kiume. ("Basi tuzipime. Ziko wapi?") Ziko kwenye mchakato. ("Mchakato uko wapi, tukazichukue?") Mama, mchakato haufuatwi, mchakato unasubiriwa. Mketisheni mama, anasimama juani muda mrefu.

Ndugu wananchi, tumalize. Wanaume wote mliokataa vazi hili, nyoosheni mikono, Bi Jesca aone kwa macho yake kama alivyotumwa. (Mikono inaanza kupanda. Wanatazamana, hakuna anayetaka kuwa yule wa nukta. Mwenye kofia ya kijani ananyoosha juu kuliko wote.) Juu, juu, kama vile mnashika tawi. Mzee Kefa, mkono wako siuoni.

(Mzee Kefa: "Hutauona. Mimi nitavaa.")

Mzee Kefa, fikiri vizuri. Wewe ni mtu wa heshima, una wajukuu. Wajukuu wako wakuone na kitu kama kile kichwani?

("Wajukuu wangu ninawaona nusu, mratibu. Ile nusu nyingine waliondoka nayo nyuki. Nikitoka hapa naingia porini tena, kwa sababu kwangu mahindi yamekauka na watoto wanakula kwa asali hii. Hili jicho lililobaki likienda, nani atanishika mkono kwenda kwenye mzinga? Nipe hicho kilichopo hapo mezani.")

Hicho ni sampo, mzee.

("Nitavaa sampo.")

(Anapanda kwenye meza kuu bila kuitwa. Anavua kofia yake ya zamani, anavaa ile ya ukili, anaushusha wavu mpaka kifuani na kuuingiza ndani ya kola ya shati. Shanga zinalia kidogo. Mtu mmoja anaanza kucheka, Dorkas anamgeukia, anaacha. Mkono mmoja unashuka. Kisha mwingine. Mwenye kofia ya kijani anaupitisha mkono wake sikioni kama anayejikuna, na kuushusha.) Msishushe! Ndugu zangu, takwimu zimeshachapishwa! Mkishusha sasa mnavuruga asilimia!

(Bi Jesca: "Ndugu mratibu, nimeona walio tayari kuvaa. Naomba nione na hayo mavazi mengine.") Swali hilo ni muhimu, Mheshimiwa, na ni swali la kimkakati, na kwa uzito wake naona lisijibiwe juani. Nihitimishe kwanza, kwa sababu hitimisho langu limeandikwa na mimi ni mtu ninayefuata maandishi.

Mavazi kinga! (Kimya.) Uso salama! (Kimya.) Asali bora, mwanaume bora! (Mbuzi mmoja anaitikia.) Asanteni.

Nitakuwa mwizi wa fadhila nisipowataja waliofanikisha mpango huu. Namshukuru dereva wangu, ambaye kwa moyo wa kujitolea alivaa koti lake mwenyewe la mvua ili ipatikane ile picha. Namshukuru mama mkwe wangu kwa kofia ya ukili. Namshukuru fundi cherehani ambaye angezishona ovaroli, kama tungemwita. Nalishukuru bohari ambalo lingezitunza. Na naziona ovaroli zenyewe zinastahili pongezi, maana kwa kutokuja kabisa zimetupunguzia kazi ya kugawa, na kwa kuwa hamkuzipokea, hamna hata moja iliyopotea. Huo ni uwajibikaji wa asilimia mia moja. Kipekee kabisa namshukuru Bi Damari, mpambaji wa maharusi wa Itigi, aliyetuazima hilo shela, na nachukua nafasi hii kumhakikishia kwamba litarudi likiwa safi kabla ya Jumamosi, kwa sababu kuna binti wa watu analisubiri kuingia nalo kanisani. Kwa hiyo, Mzee Kefa, naomba... Mzee Kefa? (Mzee Kefa ameshashuka, anapita katikati ya watu, shela usoni. Wanampisha. Bi Jesca amesimama na simu yake, anampiga picha.) Bi Jesca, hiyo picha haimo kwenye ripoti! Mzee Kefa, rudi! Hilo ni la Jumamosi! Ni la bibi harusi!

(Sauti ya Mzee Kefa, kutoka njia ya porini: "Mwambie atalipata, na asali ya harusi nitamletea mwenyewe!")

Wananchi, tulieni, soda zipo! Mavazi kinga! Nimesema mavazi kinga!

(Hakuna anayeitikia. Wanaume wamemfuata Kefa, na mwenye kofia ya kijani yuko mbele yao, wanagombana kwa sauti kubwa nani atalivaa shela mzee akishuka mtini.)