Miwani ya Idara ya Vyeti

Uligeuza uso walipoondoa viti vya kusubiria. Ukageuza tena walipoziba dirisha la malalamiko kwa mbao. Mimi nakumbuka, na tarehe ninazo. Basi usione haya kupokea tangazo tukufu: Idara ya Vyeti imefuta foleni. Mwananchi anavishwa miwani ya kompyuta, ndani yake anamwona karani akitabasamu, anaiona karatasi yake ikigongwa muhuri. Anavua, anarudi nyumbani mikono mitupu, ameridhika.

Kwa kuwa watu wana midomo, iliundwa Kamati ya Maadili ya Huduma Zisizoshikika. Ikaandika waraka, ukabandikwa mlangoni. Mtamu, sikatai. Unaanza na bibi kizee aliyepona magoti kwa kutosimama foleni. Unawaheshimu wapinzani, "hoja yao ina uzito," kisha unawazika: "Lililoonwa na macho, moyo ukaliridhia, limetendeka." Niliusoma mara tatu. Mara ya tatu nikaanza kukubali.

Fundi bomba wa mtaani kwetu alifuata cheti cha kuzaliwa cha bintiye. Ijumaa uandikishaji wa mtihani unafungwa. Bila cheti, binti anakaa nyumbani mwaka mzima. Akavishwa miwani mara nne.

"Dada, karatasi iko wapi?"

"Si umeiona, fundi?"

"Nimeiona. Mwalimu mkuu je?"

"Naye aje avae," akasema karani.

Alhamisi choo cha Mkurugenzi kikaziba. Fundi akaitwa. Akaweka sanduku la vifaa chini, akatoa simu, akamwonyesha Mkurugenzi video ya choo kinachoshusha maji vizuri.

"Mzee, umeona?"

"Nimeona nini? Zibua hiki hapa."

"Macho yameona. Bado moyo kuridhia. Waraka uko mlangoni, na sahihi ni yako."

Mkurugenzi alikuwa amebana magoti. "Ule ni wa wananchi, bwana."

"Basi nasubiri cheti cha binti yangu," akasema fundi, akakalia sanduku lake.

Cheti kilipatikana kwa dakika sita, wino haujakauka. Mkurugenzi alikileta mwenyewe, kwa hatua fupifupi.

Binti ameandikishwa. Wengine wote bado wako ukumbini, wamevaa miwani, wanatabasamu. Na ofisi ile inategemea fundi umeme, mpishi wa chai, mfagiaji na dereva. Wewe unaifanyia ofisi hiyo kazi gani? Weka vifaa vyako chini leo, ukalie sanduku lako, usinyanyuke mpaka karatasi iwe mkononi.