Ng'ombe Mwenye Mayai

Bahari iliingia Singida siku ya Jumanne, ikalala juu ya shuka nililoshona mimi, Bonifasi, kwa vipande vinne vya marekani. Gari la sinema la Serikali lilikuja na mashine, kipaza sauti na mtambo wa umeme. Kitambaa cha kuonyeshea walikisahau. Mshono wa katikati ulinipinda kidogo, ndiyo maana kila papa aliyepita pale alionekana ana kibiongo.

Jumatano asubuhi, kibarazani kwangu kwenye njia ya Ilongero, mahali ambapo ukisimama unaiona Singidani, ziwa letu, pale chini, hakikuzungumzwa kingine. Watu wa benchi langu ni walewale. Yuko Melkizedeki, tunayemwita Bama kwa kuwa alipelekwa vitani huko, na hakuna siku anayotuacha tusahau. Yuko Redempta, muuza kahawa, asiye na jina la utani kwa sababu aliyejaribu kumpa alinyimwa kahawa mwezi mzima. Na yuko Mzee Zefania, yaani Kwato, anayewajua ng'ombe kuliko anavyowajua wanawe. Siku hiyo Kwato alikuwa amejikunyata mwisho wa benchi, kahawa yake imepoa mkononi.

"Ile si bahari," Bama alianza. "Bahari nimeivuka mimi. Siku ishirini na moja, maji kulia, maji kushoto. Samaki mmoja alianza kupita chini ya meli asubuhi, mpaka jioni mkia bado!"

"Ulimwonea wapi?" Redempta akauliza. "Filipo uliyekwenda naye anasema ulikuwa chini kabisa, umekumbatia ndoo."

"Ndoo ilikuwa ya wote."

"Sawa. Lakini aliyeikumbatia ni wewe."

Nilicheka mpaka cherehani ikasimama. Bama akaona heri ahamie kwenye sinema.

"Yule Mzungu aliyevaa vioo machoni, mlimwona? Kamshika papa mkia! Huku mtu akimshika fisi mkia, ndugu zake wanamtafutia mganga. Wao wanamtengenezea sinema."

"Mimi nilipenda ile ya pili," nikasema. "Ile ya nyavu."

Ile ya pili ilikuwa ya mafunzo. Wavuvi wa pwani huko walikuwa wakivua mpaka vifaranga vya samaki, na sauti ya Antipasi, mkalimani wa bomani, ikatutangazia: "Chukua kidogo, bahari ipumue! Samaki mwenye mayai arudishwe majini!" Walirudia mara tatu, tusije tukasingizia upepo.

"Na sisi tulionywa vizuri," Redempta akasema. "Maana mimi mwaka huu peke yangu nimeimaliza bahari robo nzima."

"Usicheke," Bama akamwambia. "Jumbe alisimama mbele ya watu akaahidi kwamba hakuna Mnyaturu atakayevua papa mdogo."

"Na ahadi ataitimiza. Yule ni mtu wa neno lake."

Hapo Kwato akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo samaki waongezeke."

"Ndivyo ilivyosemwa, mzee," nikamjibu.

"Na ng'ombe wapungue."

Hakuna aliyecheka. Wiki ile Bwana Mifugo alikuwa akipita boma hadi boma akichagua ng'ombe wa kuuzwa mnadani kwa lazima, kwa kuwa wanamaliza majani ya Serikali. Alitangaza barazani mwenyewe: mwenye alama ataondoka, asiye na alama hataguswa, na asije mtu mjanja akambadilishia ng'ombe. Na ng'ombe wenye alama wa njia yetu wangekusanywa mchana uleule.

"Wangu wanne," Kwato akasema. "Kampitia huyu, kampitia yule, kamchagua Usiku, yule mweusi. Eti amekonda. Nikamwambia, Bwana, ana mimba, mwezi huu hauishi hajazaa. Akasema mkondefu ni mkondefu."

Tulijua maana yake. Binti yake Elina alikuwa na mapacha wa miezi miwili na maziwa yamemkauka kifuani. Kila alfajiri mkewe Kwato, Mama Rahabu, alipita hapa na kibuyu akiomba maziwa kwa majirani, siku nyingine akirudi nacho kitupu. Wote nyumbani mwao walikuwa wakimsubiri Usiku azae. Iliniuma, sifichi. Nilishika mkasi nikakata kitambaa pasipostahili kukatwa.

"Alama yenyewe ya nini?" Redempta akauliza. "Ya moto?"

"Chokaa. Rangi haijafika kutoka Dodoma."

"Chokaa," Redempta akarudia taratibu. Yeye nyumba yake anaipaka chokaa kila baada ya masika, na anajua kwa nini anairudia.

Wakati huo Antipasi akapita na baiskeli yake ya kazini. Sisi tunamwita Ndiyo Bwana, maana hatujawahi kumsikia akitoa jibu jingine bomani. Akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," Kwato akaitikia. "Yale ya samaki mwenye mayai, ni maneno yako au ya Serikali?"

"Ya Serikali, mzee. Mimi natafsiri tu."

"Kwa hiyo ni amri."

"Tuseme ni amri."

"Na akiwa ameshatolewa majini?"

"Anarudishwa. Upesi, kabla hajafa."

Kwato akanywa ile kahawa baridi kwa funda moja, akachukua fimbo yake.

"Mzee," Redempta akamwita, "kama ni kumrudisha, mrudishe mpaka mgongoni. Kazi ya nusunusu haina baraka."

Mchana gari la Bwana Mifugo likaja. Ng'ombe wenye alama walikuwa wamekusanywa kando ya njia, na wenyewe wamesimama nao kama watu waliofiwa. Akahesabu, akakuta mmoja pungufu. Watu wakamwonyesha ziwani kwa vidole.

Usiku alikuwa ndani ya Singidani, maji yamempita mgongo, kichwa juu. Pembeni yake Kwato, maji kifuani, anamsugua ubavu kwa kiganja kama anayembembeleza.

"Nini hii?" Bwana akapiga kelele.

"Nimemrudisha majini, Bwana, kama sinema ilivyofundisha. Ana mayai!"

Antipasi akatafsiri. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Hii si samaki! Hii ng'ombe! Toa!"

"Ametambua," Bama akaninong'oneza. "Shule si kitu cha mchezo."

Usiku akatoka polepole, tumbo linamning'inia, maji yanachuruzika. Bwana akamzunguka mara moja. Akamzunguka tena. Mweusi tii, kichwani mpaka mkiani.

"Alama wapi?"

Jumbe mwenyewe alikuwa pale, na wote tulikuwepo siku ya baraza, Bwana aliposema asiye na alama hataguswa. Bwana akafungua daftari, akalifunga, kisha akamgeukia Antipasi.

"Wewe, siku ya alama ulikuwapo. Ni huyu?"

Tukamtazama Antipasi wote. Nilimhurumia, kwa kweli. Mke anaye, watoto anao, na mshahara wa bomani si kitu cha kutupa ziwani. Alimtazama Usiku, akamtazama Kwato aliyekuwa akitetemeka kwa baridi.

"Bwana," akasema, "umesema huyu si samaki. Mimi wiki hii nimepewa kutafsiri samaki tu."

Bwana akalitia daftari mfukoni. Halafu akapanda gari akaondoka, wale wenye chokaa wakiswagwa nyuma yake, na hilo halikuchekesha mtu. Usiku akarudi nyumbani kwa miguu yake minne. Alizaa Jumapili, jike, na Mama Rahabu akapita hapa na kibuyu kimejaa, akitaka tu tukione.

Lakini tangu Alhamisi, hata kabla hajazaa, habari zilikuwa zimefika Ilongero, ambako zamu yao ilikuwa Ijumaa. Alfajiri ya Ijumaa hiyo nikawakuta wazee watatu kibarazani, nyuma yao ng'ombe thelathini wenye chokaa, njia nzima imeziba. Walitaka kujua Singidani inaanzia wapi.

Redempta akawamiminia kahawa.

"Hapo chini tu, wazee wangu," akasema. "Ila wapelekeni wachache wachache, bahari ipumue."