Picha za Waholanzi na Vitambaa vya Jecinta

Mtaa mzima wa Karama, huku ughaibuni, hapakuwa na mtaalamu wa sanaa wa kumshinda Linus! Kwa nini basi mtaalamu alivaa sare ya bawabu na kusimama nje ya jumba la maonyesho, jua la Agosti likimkaanga kama andazi? Hilo hakupenda kuulizwa. Mimi niliyekuwa nikipanga naye chumba sikumuuliza.

Mwaka ule Madam Huda, mwenye jumba, alileta picha za Kiholanzi. Mafundi wa zamani walizikwaruza kwa sindano juu ya bamba la shaba, tindikali ikala mistari, wakazichapa kwenye karatasi: Yona na samaki wake, Daudi na kinubi, mji uliozingirwa na majeshi.

"Madam, hizi nazijua kama shamba la baba!" Linus akajigamba. "Niweke ndani nizilinde."

Ndani kulikuwa na AC! Roho yake yote ilikuwa huko.

"Yalla, haya basi, nakujaribu leo," akasema Madam. "Lakini mwanga unakula karatasi. Zikinge mpaka wageni wafike jioni."

Mwingine angepunguza taa. Linus? Kwao kitu cha heshima, kiwe redio au kochi, hufunikwa kitambaa! Saa ya chakula akamkimbilia Jecinta, jirani yetu msafishaji wa hoteli, fundi wa kufuma.

"Niazime vitambaa vyote."

"Si juzi ulisema ni ushamba?"

"Ni ushamba, lakini mwanga unakula picha! Leo vitakaa na sanaa!"

Jecinta akasonya, akampa.

Jioni Madam akaingia na wageni. Lo! Ukuta mzima ni vitambaa: maua, tausi, kimoja kimedariziwa "Karibu Mgeni". Yona safari hii alimezwa na uzi.

"Linus! Picha ziko wapi?"

"Zimepumzika, Madam. Mwanga hauzipati hata chembe!"

Kabla Madam hajapumua, mzee mmoja wa Kiholanzi akavaa miwani, akashika pindo la tausi.

"Ajabu! Nani kafuma hivi?"

Mtaalamu ikabidi amtaje Jecinta. Wageni wakajazana kwenye vitambaa. Daudi, aliyetoka Ulaya kote huko, hakuna aliyemjulia hali.

Baada ya Idi jumba likafungua maonyesho mapya, ya Jecinta. Linus, khalas, mambo kwisha, alirudishwa nje juani. Teksi ikasimama, Jecinta akashuka, na bawabu kazi yake ni mlango.

"Karibu, madam," Linus akanong'ona.

Jecinta akamtazama jasho linavyomtiririka. Akamhurumia kweli. Akafungua mkoba, akatoa kitambaa kidogo cha maua.

"Shika ujifunike kichwa, Linus. Mwanga unakula!"